Ada ya Kutunza Dhahabu ya Baba

Kila Januari baba yangu alivaa koti lake la kijivu, akang'arisha viatu, akatembea kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Nyakabiga hadi katikati ya mji wa Bujumbura kuilipia dhahabu yake mahali pa kulala. Sitanii. Dhahabu ile haikuzaa, haikupangishwa, haikuvaliwa na mtu, lakini kila mwaka ilidai kitanda chake. Mimi na kaka yangu tuliibatiza jina, tukaiita mdogo wetu. Tukiongea kwa simu kaka alikuwa akiniuliza kama mdogo wetu amelipiwa ada, nami namjibu kwamba amelipiwa na amepanda darasa. Tulicheka sana miaka ile. Nikikumbuka kicheko hicho leo naona aibu.

Baba alikuwa deklara bandarini, yaani mtu wa kushughulikia karatasi za forodha za wafanyabiashara mpaka mizigo yao itoke. Boti za Kigoma, boti za Kalemie, saruji, chumvi, mabati, vitenge, vyote vilipita chini ya kalamu yake kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipostaafu, wakala aliyemwajiri alimpa pesa ya mkupuo mmoja, na baada ya hapo ikawa pensheni ndogo ya kila mwezi, ya kununulia mchele na maharage. Ile ya mkupuo ndiyo iliyomkosesha raha. Kila aliyemtembelea alimletea shauri: nunua basi dogo, fuga kuku, fungua duka. Baba aliwasikiliza wote, akawapa soda, wakaenda zao.

Alikuwa na sababu zake, nakiri. Miaka michache kabla ya kustaafu alinunua kiwanja Gatumba, akapanga hadi matofali ya msingi, kisha ziwa likapanda, maji yakakaa juu ya matofali yale kama yaliyofika nyumbani kwao. Faranga nazo alizijua. Mwaka huu zinanunua gunia, mwaka ujao nusu gunia, mwaka unaofuata unakwenda dukani na mfuko wa noti unarudi na mfuko wa sukari, kama sukari ipo. Basi akamwendea mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kongo, ambaye baba alikuwa amemshughulikia karatasi za vitenge kwa miaka mingi, na kwa mkono wa mama yule akabadilisha jasho lake lote kuwa dhahabu. Ilipimwa na kuyeyushwa katika duka la kununua dhahabu, yale maduka ambayo watu wa mjini huyaita kontwari, ikawa kipande kimoja cha ukubwa wa kidole gumba cha mwanamume.

"Akiba haiozi," alituambia siku hiyo, na hakuna aliyembishia.

Kuiweka nyumbani haikuwezekana. Nyakabiga nyumba zimeshikana. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole kupitia ukutani. Tena kulikuwa na mwaka mmoja ambao nyumba za mtaani kwetu zilisakwa chumba kwa chumba, magodoro yakachanwa, na tangu mwaka huo baba hakuficha kitu chochote chenye thamani chini ya bati lake. Kontwari ilikuwa na chumba cha chuma nyuma ya duka. Wateja waliotaka waliachiwa nafasi humo. Kitu chako kinatiwa kwenye pakiti ya plastiki nzito, kinafungwa waya, na juu ya waya inabanwa plombe, lakiri ya chuma yenye namba. Namba hiyo inaandikwa kwenye stakabadhi, unaondoka na karatasi yako.

Plombe ndiyo iliyomshika baba. Asiyefanya kazi bandarini ataona ni kipande tu cha chuma kilichobanwa. Kwa baba, plombe ilikuwa neno la mwisho. Kontena ikifika na plombe yake nzima, mzigo ni halali na mwenye mali alale. Ikifika imekatika, hakuna mazungumzo, kumeibwa mpaka ithibitishwe vingine. Kwa miaka thelathini aliangalia plombe kabla ya kuangalia uso wa mtu. Alikuwa na sheria yake, na alituimbia tangu tukiwa shule ya msingi: mzigo wenye plombe haufunguliwi njiani. Sasa safari yenyewe ilikuwa uzee, na safari hiyo, kwa jinsi alivyoiona, ilikuwa bado ndefu.

Ada ya kutunza aliiita magazinaji, kama bandarini. Hapo ndipo nilipokuwa nikimchokoza. Baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari za wafanyabiashara walioacha mabati ghalani mpaka deni la ghala likashinda bei ya mabati, wakabwaga mzigo na kukimbia. Nilimuuliza tofauti yake na watu wale ni nini. Alinijibu, bila kukasirika, kwamba wale walichelewa kulipa. Yeye halipi kwa kuchelewa. Halafu akanionyesha faili lake, stakabadhi zimepangwa mwaka kwa mwaka, akaniambia mali bila daftari hupotea bila habari.

Ada yenyewe ilihesabiwa kwa dola. Pensheni ya baba ilikuja kwa faranga. Mtu yeyote wa mji huu anajua kilichofuata, sina haja ya kukieleza kwa tarakimu. Dola zilikuwa zilezile, faranga za kuzipata zikazidi kila mwaka. Mwanzoni pensheni ya mwezi mmoja ilitosha. Kisha ikahitajika ya miezi miwili, na kitu juu. Kisha baba akaacha kutuambia, nasi, kwa uvivu wetu wa watoto waliohama nyumbani, tukaacha kuuliza.

Mama alikuwa na kisukari. Mimi nafundisha shule ya sekondari Gitega, na kila mwisho wa mwezi nilituma pesa ya dawa zake kwa simu ya baba, kwa sababu mama hakupenda simu zenye menyu. Nilipopiga kuuliza hali, mama alisema yuko sawa. Nikiuliza dawa, alisema zipo. Mama yangu ni mtu ambaye ukimkanyaga anakuuliza kama umeumia, na mimi, badala ya kuijua tabia hiyo na kuishuku, niliitumia kulala usingizi wangu vizuri.

Mara moja tu niligombana na baba kuhusu dhahabu kabla ya haya yote. Nilikuwa nimesikia kwamba kontwari iliwaruhusu wateja kulipa kwa dhahabu yenyewe: wanafungua pakiti mbele yako, wanakata kiasi cha ada, wanafunga upya. Nilimwambia afanye hivyo, asijitese na dola. Au auze gramu chache, mama apate viatu vizuri na chakula cha mgonjwa wa sukari. Baba alinitazama kama mtu aliyemshauri auze kidole. Alisema plombe ikishakatwa mara moja, hata iliyofungwa upya haina maana tena, maana huwezi kujua walichofanya ulipokuwa ukipepesa macho. Alisema kitu kinachopungua kidogo kidogo si akiba, ni mshumaa. Nikamwacha. Nilidhani ni ubishi wa mzee, na ubishi wa mzee hauui mtu.

Mwaka jana mafuta ya magari yalipokosekana kabisa, nilikaa wiki tano bila kushuka Bujumbura. Baba alinipigia akasema mama ana kidonda mguuni, kandambili imemchubua, si kitu kikubwa. Wiki iliyofuata akasema kinakauka. Wiki nyingine akasema ni vizuri nikija. Sauti ilikuwa ya mtu anayeagiza dawa ya meno. Nilipata nafasi kwenye lori la ndizi, nikakaa juu ya mikungu, nikafika Nyakabiga saa tisa mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, mguu wa kushoto umefunikwa kitenge, na anatabasamu. Harufu ilinipokea mlangoni. Nilijua kabla ya kuinua kitenge, na nilipokiinua nilijua zaidi.

Niliingia chumbani kukusanya dawa zake za kupeleka hospitali, ili daktari aone alichokuwa akitumia. Alizitunza kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Nikaufungua. Ndani kulikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa kwa ustadi, kimoja kwa kila siku, na katika kila kimoja nusu kidonge. Vingine vilikuwa na robo. Wembe wa kukatia ulikuwa humohumo, umefungwa kwa uzi usimkate mtu.

Nilitoka na mkebe mkononi.

"Mama, iyi ni nini?"

"Ni dawa."

"Juu ya nini iko nusu?"

Aliangalia ukutani, mahali palipokuwa na kalenda ya parokia. "Nusu nayo inasaidia, mwanangu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini polepole. Hakujitetea, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angejitetea. Alieleza kama anavyoeleza karatasi: kwamba tangu miaka mitatu nyuma ada ilimshinda, kwamba kuanzia Oktoba hadi Januari alikuwa akipunguza kidogo kwenye pesa ya dawa ninayotuma, kidogo tu, na ikifika Februari wanarudi kwenye dozi kamili. Isipokuwa mwaka uliopita hawakuweza kurudi, kwa sababu dawa zenyewe zilipanda bei. Nilimwambia baba yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Siyaandiki hapa. Mengine nilikuwa nayasema nikimtazama mama, nikitegemea aniunge mkono japo kwa kichwa.

"Apana," mama alisema. "Mi ndo nilimwambia alipe. Tungekosa kulipa wangeifungua, na yeye hangelala tena. Kidonge ni changu. Mi ndo nilikata."

Nikawa sina pa kupeleka hasira yangu. Nilikwenda kusimama uani, karibu na kamba ya nguo.

Hospitalini daktari hakuzunguka. Alisema mguu hauwezi kuokolewa, lililobaki ni kuamua wapi pa kukata, na kila siku inayopita inapandisha mahali hapo. Aliniuliza kama mgonjwa alikuwa akitumia dawa zake. Nilijibu kwa niaba ya mama kwamba alikuwa akizitumia. Kisha wakatupeleka kwenye dirisha la kulipia, na dirishani tukaambiwa kiasi cha dhamana kinachotakiwa kabla ya upasuaji. Mimi sikuwa nacho, kaka hakuwa nacho hata angekopa kwa wenzake wote. Tulikuwa na kitu kimoja tu chenye bei hiyo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kontwari na baba. Alitembea mbele yangu kwa hatua fupi, faili kwapani. Mwenye duka, mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliipokea stakabadhi akafungua kitabu chake, akasema kwa masikitiko kwamba ada ya mwaka huu haijalipwa. Ilikuwa Machi. Nilimwambia hatutunzi tena, tunatoa, mama yangu yuko hospitali. Alisema anatuelewa na anatupa pole, lakini pakiti haitoki chumbani na deni, ndiyo sheria kwa wateja wote. Kabla sijafungua mdomo tena, baba alitoa noti kutoka mfuko wa ndani wa koti. Zilikuwa zimefungwa kwa mpira, tayari. Sikumuuliza zilitoka wapi. Mwishoni mwa Februari nilikuwa nimetuma pesa ya dawa.

Pakiti ililetwa kwenye sinia la bati. Mwenye duka alichukua koleo, na baba akamwambia angoje. Akavaa miwani. Akaisoma namba ya plombe tarakimu moja moja, akailinganisha na ile ya kwenye stakabadhi, akageuza pakiti kuangalia upande wa nyuma, akavuta waya kidogo kuona kama umelegea. Mama alikuwa kwenye kitanda cha chuma, anangoja pesa ya kisu, na baba yangu anakagua waya. Mwishowe akaashiria kwa kichwa. Koleo likakata. Wakakiweka kipande kwenye mizani, sindano ya mizani ikatulia, mwenye duka akasoma uzito, na ulikuwa uleule wa siku ya kwanza. Hakikupungua hata chembe.

Baba alinigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka, wa kijana.

"Unaona?" alisema. "Iko yote."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba yangu dakika ile. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nadhani aliliona.

Tuliuza zaidi kidogo ya nusu. Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda sana tangu alipoinunua, na mwenye duka, akihesabu, alimpongeza. "Muzee, uliona mbali," alimwambia, na baba akamshukuru. Tulitoka hapo tukalipa dhamana, na siku ya pili yake mama akakatwa mguu juu ya goti. Pesa iliyobaki ilikwisha kwenye dawa za kidonda, kitanda, damu, na chakula cha wiki saba za wodini. Kipande kilichobaki kilikaa kwangu, kimefungwa kwenye leso ndani ya mkoba. Baba hakutaka hata kukishika. Alisema kitu kisicho na plombe hawezi kukitolea ushahidi.

Tulipomrudisha mama nyumbani, baba alikuwa amebadilika. Hakula sawasawa. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda cha mama, mikono katikati ya magoti, akisikia pikipiki imesimama nje anainuka kuchungulia, maana alijua dhahabu iko ndani ya nyumba. Hakuuliza nimeiweka wapi. Alikuwa akiutazama mkoba wangu tu, akifikiri sioni. Mimi nilikuwa nimeshaamua: nakwenda kuiuza iliyobaki, nanunua kiti cha magurudumu na dawa za mwaka mzima, vidonge vizima, na wimbo huu unakwisha.

Nilimwambia mama asubuhi, wakati baba amekwenda kuchota maji. Alisema kwanza nimwonyeshe. Ndipo nikagundua kwamba hakuwa ameiona hata siku moja. Miaka yote ile alikilipia kitu ambacho hakijawahi kupita mbele ya macho yake. Nikaifungua leso nikamwekea mkononi. Mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni ujana wake wote; mkono wake ulikuwa ukijua kilo na nusu kilo bila mizani. Aliipandisha na kuishusha kiganjani mara mbili.

"Ni haka?"

Nilimwambia ndiyo, nyingine tumeuza.

"Muguu yangu ilikuwa nzito kuliko iyi."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anapima tu. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akangoja nimalize, kisha akanirudishia kile kipande na kunifungia vidole juu yake.

"Irudishe kule," alisema. "Wafunge tena."

Nilikataa. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyafikiria juu ya kiti na dawa, na kwamba kitu hiki kimeshamla mguu na kikibaki kitamla mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Tulisikia ndoo ya baba ikigonga lango.

"Akikosa iyi atakufa," mama alisema kwa sauti ya chini. "Na mi siwezi tena kutembea mpaka ku makaburi."

Basi nikaenda kontwari tena, na baba. Mwenye duka alitupa pole ya mgonjwa, akapima kipande, akakitia kwenye pakiti mpya, akaufunga waya na kuibana plombe. Baba aliisoma namba yake mara mbili huku midomo ikitembea. Niliona mabega yake yanashuka mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Kisha mwenye duka akasema pakiti mpya ni mwaka mpya, na ada yake hulipwa siku ya kufungwa. Baba akatazama sakafu.

Mshahara wangu ulikuwa haujaingia. Mkobani nilikuwa na pesa moja tu, ya dawa za mama za mwezi huo, na kutoka hapo nilikuwa nipitie duka la dawa. Niliitoa, nikaiweka juu ya meza ya kioo, nikachukua stakabadhi. Nikajiambia kabla ya Ijumaa nitairudisha.